Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Kikundi cha Tiba ya Uraibu Mtaani, kwa Mji Kama Tanga

Aliyeacha unga, yaani heroini, hapa Tanga ana mzigo mmoja ambao mwenzake wa Dar es Salaam anaweza kuukwepa: mji unamjua. Akionekana asubuhi Ngamiani, jioni habari zake ziko Makorora. Mama yake anajulikana, shangazi zake wanajulikana, na siku aliyobeba sufuria za nyumbani kwenda kuziuza inajulikana vilevile. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka kuanzisha kikundi cha tiba mtaani kwake, simuulizi kuhusu viti wala chai. Namuuliza siri za watu atazihifadhi wapi.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi, mwelimishaji rika aliyeacha mwenyewe, au msimamizi wa nyumba ya upataji nafuu (sober house) ambaye vijana wake wakitoka hawana pa kwenda. Pangani na Muheza nako yatafaa. Kwa ninavyoona mimi, vikundi vingi huvunjwa na mambo mawili: siri kuvuja nje na mawaidha kuzidi ndani. Mtu kuteleza na kurudia hakuvunji kikundi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Hatua ya 1: Amua unaanzisha nini

Tiba ya kikundi ina umri. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston alikuwa akiwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki awafundishe usafi na namna ya kupumzika, akagundua kwamba kule kukutana tu kulikuwa kunawapa nguvu. Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, wanywaji wawili waliokuwa wakishikana mkono wasirudi kwenye chupa walianzisha Alcoholics Anonymous, na mwaka 1953 huko California ikazaliwa Narcotics Anonymous kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya. Zile hatua 12 za kuacha ulevi zinazosomwa kwenye nyumba za upataji nafuu Zanzibar na huku kwetu chimbuko lake ni hilo.

Vikundi havifanani. Kipo cha elimu, ambapo watu wanafundishwa dawa zinaufanya nini mwili na ubongo. Kipo cha stadi, ambapo watu wanafanya mazoezi: nikikutana na niliyekuwa nikivuta naye nasema nini, nikipata hela mkononi nazipeleka wapi. Kipo cha kusaidiana, kinachoongozwa na wenyewe. Na kipo cha tiba hasa, kinachoongozwa na mtaalamu, ambapo hata namna wanakikundi wanavyogombana na kupatana inatumika kama dawa.

Kama huna mtaalamu, anzisha cha kusaidiana na ukichanganye na stadi. Usianze kumchimba mtu kuhusu kipigo cha utotoni au aliyoyaona jela kama hakuna wa kumshika atakapovunjika mbele yako. Hilo lisikukatishe tamaa, lakini. Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka nchini Uganda, vikundi vya watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, viliongozwa na wenyeji ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, waliofundishwa kwa muda mfupi. Walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, na sonona ilipungua sana kuliko vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo cheti si sharti la kwanza. Sharti ni mafunzo, na kuwa na mtu wa juu yako wa kumuuliza.

Hatua ya 2: Zungumza na kila mtu peke yake kabla hajaingia

Hatua hii watu huiruka, na kuiruka ndiko kunakoweza kuua. Kaa na kila anayetaka kujiunga, nyinyi wawili tu, muulize anatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini.

Anayekunywa gongo au mnazi kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, usimwambie aache leo na siku ya kikao, tuseme Jumanne, aje kikundini. Mwili uliozoea pombe hivyo ukiikosa ghafla unaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu akaweweseka, akaona wadudu ukutani, akafa. Vidonge vya usingizi ni hivyohivyo. Huyo aende hospitali kwanza, aachishwe kwa dawa.

Unga una mambo yake. Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, huanza ndani ya saa 6 hadi 12 tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida wiki moja haijapita nyingi imeshapungua. Ni mateso makubwa, ila yenyewe huua mara chache. Hatari kubwa inakuja baadaye, nitaifikia. Mtu wa unga mwelekeze Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kwenye huduma ya methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini. Dozi inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, na akili ikishatulia ndipo kikundi kinapata mtu wa kuzungumza naye. Methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Bangi na mirungi hazina methadoni, na kwa hao mazungumzo, peke yao na kwenye kikundi, ndiyo tiba yenyewe.

Uliza pia juu ya akili. Analala? Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Amewahi kufikiria kujiua? Swali la mwisho liulize waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Anayesema ndiyo, na ana namna aliyoipanga, usimwache aondoke peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wewe au ndugu yake.

Mkoa wetu si mgeni wa tiba ya akili. Lutindi, kule milimani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 inahudumia wagonjwa wa akili. Ukisikia mtu anakwambia mambo haya yamekuja na Wazungu wa juzi, mpe tarehe hizo. Wazungu walikuwa wa juzi ya mbali kidogo.

Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, aliyetulia kwa dawa anaweza kuwa mwanakikundi mzuri kabisa. Ambaye yumo katikati ya kuchanganyikiwa, msubirie kwanza. Kelele za kikundi zitamwongezea hofu.

Hatua ya 3: Mahali na saa

Epuka ofisi ya serikali ya mtaa, hata kama mwenyekiti ni mtu mwema. Pale wanaingia polisi jamii na watu wa kesi za viwanja, na kijana aliyewahi kukimbizwa hatapanda ngazi zile. Epuka ukumbi wa msikiti au kanisa kama kikundi kina watu wa dini zote. Epuka nyumba inayotazamana na kijiwe. Chumba cha zahanati baada ya saa za kazi, au darasa la shule siku ya Jumamosi, ndipo panapofaa: mlango unafungika, dirisha haliko barabarani, na mtu akionekana anaingia ana sababu mia za kuingia. Kaeni duara, wote usawa mmoja. Viti visipotosha, tandikeni mkeka wote mkae chini. Mwezeshaji asibaki kwenye kiti.

Saa ipangwe kwa maisha ya watu. Wanaokwenda Bombo kunywa dawa hutingwa asubuhi. Bodaboda wanataka jioni ya abiria. Kwa hapa Tanga naona baada ya alasiri ndiyo salama, saa kumi na nusu mpaka kabla ya magharibi. Kama una wavuvi wa mitaa ya Deep Sea au Sahare, fuata mwezi: wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo usimhesabu mtu kuwa mtoro kwa sababu bahari imemwita.

Ramadhani badilisha saa, usifunge kikundi. Na weka kikao cha ziada karibu na Idi. Wapo wanaofunga mwezi mzima bila kugusa kitu, halafu siku ya pili ya sikukuu, hela mfukoni na nguo mpya mwilini, wanapotea. Krismasi, mwisho wa mwezi, harusi ya ndugu: ni mlango uleule.

Hatua ya 4: Watu wangapi, na nani asikae na nani

Irvin Yalom, daktari wa Marekani aliyeandika sana kuhusu tiba ya kikundi, aliona watu saba au nane ndio idadi nzuri. Ukiwa mtaani lenga 6 hadi 10. Wakiwa wanne, wawili wasipokuja hakuna kikao. Wakizidi 12 umeshapata mkutano wa hadhara: wawili wanasema, waliobaki wanatazama simu.

Wanawake wapewe kikundi chao na saa yao, na ruhusa ya kuja na watoto. Mwanamke mtumiaji anatukanwa mara mbili na mji huu, na mara nyingi aliyemtia kwenye unga ni mwanaume ambaye angekuwa amekaa kiti cha pili. Usiwaweke mume na mke pamoja, wala ndugu wawili, wala mtu na aliyekuwa akimuuzia kete. Hilo la mwisho utaligundua tu kama uliifanya hatua ya pili vizuri.

Kwa mwanzo napendelea kikundi kilichofungwa: watu walewale kwa wiki 12, hakuna kuingia katikati. Kuaminiana kunahitaji sura zilezile. Kikundi cha wazi, ambacho yeyote anaingia siku yoyote, kinafaa kwenye nyumba ya upataji nafuu ambako watu wanaingia na kutoka kila wakati.

Hatua ya 5: Siri

Hapa kaa sana. Siku ya kwanza nzima inaweza kwisha kwenye jambo hili na isiwe hasara.

Kwetu pwani kumsitiri mwenzio ni heshima, na kila mtu amelelewa hivyo. Tatizo ni kwamba palepale tulipolelewa kusitiri tumelelewa pia kupiga soga, na soga haina mlango. Kwa hiyo kusema tu "jamani tutunze siri" hakutoshi. Mkubaliane kwa mambo ya kushikika, na kila mmoja ayaseme kwa kinywa chake:

Ninayoyasikia hapa simwambii mke wangu, mama yangu wala rafiki yangu, hata bila kutaja jina. Tanga hadithi bila jina ina jina. Ninaweza kusimulia yangu popote. Ya mwenzangu hayatoki. Nikikutana na mwanakikundi sokoni namsalimia salamu ya kawaida, siulizi "mbona Jumanne hukuja?" mbele ya watu. Simu zinazimwa na kuwekwa kapuni mlangoni. Hakuna picha.

Hilo la picha litakuletea ugomvi siku atakapokuja mfadhili au mgeni rasmi na kamera yake. Kataa. Mpigie picha ya chumba kitupu, viti na mkeka, mtumie hiyo.

Kikundi cha WhatsApp ni mtego mwingine. Kijana anafungua simu, mchumba wake anaona jina "Waraibu Makorora". Kama mnahitaji kukumbushana, ujumbe utoke kwa mwezeshaji kwenda kwa kila mtu peke yake, na uandikwe "kikao Jumanne saa kumi na nusu", basi. Daftari la mahudhurio liwe na majina ya utani mliyokubaliana, na lilale kwenye kabati lenye kufuli. Lisilale kwenye begi lako.

Sasa upande wa pili, ambao lazima usemwe kabla mtu hajafungua kinywa: siri ina mipaka. Mtu akisema anakwenda kujiua, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa, mwezeshaji hatakaa kimya. Ukilisema hili siku ya kwanza, watu wanajua walipo. Ukilisema siku jambo limeshatokea, umewasaliti.

Na siri ikivuja? Usiite kikao cha kumsaka mchawi. Sema wazi kwamba imevuja, mpe aliyeumizwa nafasi ya kusema limemfanya nini, kisha uulize kila mmoja kama bado anataka kukaa. Aliyevujisha mara nyingi hujitokeza mwenyewe akisikia mwenzake anavyolieleza. Asipojitokeza, kaeni na kutojua. Akirudia na ikajulikana, aondoke.

Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Dakika 90 zinatosha. Anza kwa saa hata kama wamefika watatu. Funga kwa saa hata kama maneno ni matamu. Mtu akijua muda una mwisho, jambo zito hulitoa mapema.

Dakika 15 za mwanzo ni mzunguko. Kila mmoja anasema mambo matatu tu: leo yuko vipi, wiki hii hamu ilifika ngapi kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, na kama anahitaji muda wa kuzungumza. Pia mfundishe kila mtu kujikagua mambo manne kabla hajasema "nina hamu": nina njaa? nina hasira? niko peke yangu? nimechoka? Mara nyingi hamu ya unga saa nane mchana ni mtu ambaye hajala tangu jana.

Saa moja ya katikati ni ya mtu mmoja au wawili waliosema wana jambo. Hapo ndipo mawaidha yanapoingia, na hapo ndipo utakapofanya kazi. Tazama mfano huu, watu si wa kweli lakini maneno utayatambua.

Kombo anasema: "Jana nilipita Deep Sea kudai hela yangu ya samaki. Nikamkuta jamaa. Nikakaa."

Mzee Rajabu anadakia: "Mwanangu, kule hapakufai. Si nilishakwambia? Muogope Mungu, mfikirie mama yako."

Kombo anajibu: "Sawa mzee, nimekuelewa."

Kikao kimekufa hapo. "Nimekuelewa" ni njia ya adabu ya kufunga mlango, kwa sababu kijana hawezi kumbishia mzee mbele ya watu. Hujajua kama alivuta. Hujajua kwa nini alikaa. Mwezeshaji afanye nini? Asimkemee mzee, akimkemea amemvunjia heshima na kijana naye ataona aibu. Amrudishe mzee kwenye habari zake mwenyewe: "Mzee wangu, heshima yako ipo palepale. Naomba utupe ya kwako. Siku ya kwanza uliyorudi pale ulipokuwa ukinunua, mwili wako ulifanya nini?"

Mzee anakaa kimya kidogo. "Tumbo lilinikata. Sijafika hata pale, nikatafuta choo."

Kombo anacheka. "Hata mimi! Tumbo lilikuwa linanguruma kabla sijamuona." Sasa anaendelea mwenyewe: hakuvuta, lakini alikaa mpaka magharibi, na hajui Jumamosi atafanyaje maana hela hajalipwa na lazima arudi. Hilo ndilo jambo lenyewe, na sasa kikundi kinaweza kulishika: mwenye deni amtumie kwa simu, ikishindikana mwanakikundi mmoja aende naye, waingie na kutoka pamoja, na shemeji yake apewe hela ile azishike.

Kanuni yake ni fupi: sema la kwako. Anayetaka kumwambia mwenzake "ufanye hivi" aanze kwa "mimi nilipofika hapo". Kama hajawahi kufika hapo, aulize swali. Wewe mwezeshaji nawe umo. Ukijikuta umesema zaidi ya dakika tatu mfululizo, umegeuka mhubiri.

Kimya usikikimbie. Mtu akisema jambo zito na watu wakanyamaza, hesabu pumzi zako kumi kabla hujafungua kinywa. Mara nyingi mwingine atakuwa ameshafungua chake.

Dakika 15 za mwisho ni mzunguko mwingine, na swali ni moja: kuanzia sasa mpaka tukutane tena, ni saa gani itakuwa ngumu kwako, na saa hiyo utakuwa wapi na nani? "Nitajitahidi, inshallah" usilipokee kama jibu. Inshallah tunaiweka, lakini pamoja na mahali na mtu. "Alhamisi saa mbili usiku, mshahara umeingia, nitakuwa kwa dada Mikanjuni" ni jibu.

Hatua ya 7: Yatakayokutokea

Atakuja mtu amevuta. Usimpigie kelele wala usimwache akae. Mtoe nje taratibu, hakikisha anapumua vizuri na ana wa kumpeleka nyumbani, mwambie Jumanne ijayo kiti chake kipo.

Kutakuwa na hadithi za kijiwe. Mtu anaanza kusimulia siku walizokuwa wakichanganya, bei ya kete, namna stimu ilivyopanda, na utaona macho ya chumba kizima yanang'aa. Kata. Sema wazi: hii hadithi inatutia hamu, tupeleke kwenye siku iliyofuata. Kama hamu imeshawapanda, usiwaruhusu watu watawanyike nayo. Hamu hupanda, hufika kilele na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kunyweni chai, tembeeni uwanjani, pumueni taratibu mpaka ipungue.

Atakuwepo anayemeza muda wote. Mpe kazi ya kushika saa. Atakuwepo asiyesema kitu wiki baada ya wiki. Mwache, ila katika mzunguko mpe zamu yake kila mara. Kuna watu wanaopona kwa kusikiliza, na siku watakayosema mtashangaa.

Mapenzi kati ya wanakikundi, hapana, angalau mpaka wiki 12 ziishe. Wakianguka wanaanguka wawili.

Hatua ya 8: Akirudia

Nilisema hatari ya unga inakuja baadaye. Ni hii. Mtu aliyekaa miezi bila kutumia, mwili wake umeshasahau kiwango cha zamani. Akirudi akachukua kiasi alichokuwa akichukua, kinaweza kumzimisha pumzi. Wanaotoka jela na nyumba za upataji nafuu wako kwenye hatari hii kuliko wote. Na anayekunywa methadoni akachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, naye yumo.

Fundisha kikundi kizima dalili: haamki hata ukimwita na kumfinya, anakoroma au anapumua kwa mbali sana, midomo na kucha zimekuwa za kijivu. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, mpumulie mdomo kwa mdomo. Tafuta bajaji au gari, hospitali, na useme kweli ametumia nini, kwa sababu ipo dawa ya kuzindua, naloksoni, na daktari anahitaji kujua. Usimnyweshe maziwa, usimwagie maji, usiseme "mwache alale itaisha".

Aliyenusurika akirudi kikundini, asitiwe katikati ya duara kama mshitakiwa. Aulizwe habari za siku tatu kabla ya siku aliyotumia. Kurudia huanza mapema: alianza kukosa usingizi, akaacha kupokea simu za mwezeshaji, akagombana na kaka yake, ndipo akapita njia ile. Mwenzake mmoja atajitambua kwenye maelezo hayo, na huyo labda ndiye mliyemuokoa wiki hiyo.

Dawa, dini, hela na nyumbani

Mtu yeyote asishauriwe na kikundi kuacha dawa. Wapo wanaosema aliye kwenye methadoni "bado anatumia". Kataza kauli hiyo kikundini. Ni dawa ya hospitali. Vidonge vya sonona na vya skizofrenia vivyo hivyo. Mtu akitaka kusomewa ruqya au kuombewa na mchungaji wake, aende kwa imani yake, na vidonge vyake aendelee kuvimeza.

Hela: msianzishe kikoba ndani ya kikundi cha tiba. Najua kila mkutano siku hizi unazaa kikoba, na najua watu wanahitaji mtaji. Lakini siku mmoja akishindwa kurejesha hatakuja kikaoni, na mtakuwa mmempoteza mtu kwa elfu ishirini. Kikoba kije baada ya wiki 12, kwa daftari na siku tofauti. Posho ya kuhudhuria pia sipendi. Nauli kwa anayetoka Pongwe au Amboni, sawa.

Mama na wake wapate kikao chao, hata mara moja kwa mwezi, na mwezeshaji mwingine. Wana yao ya kusema, na ukiwa ni wewe uleule watataka uwaambie mtoto wao kasema nini. Anayehitaji kuelekezwa zaidi kuhusu huduma, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, namba 119.

Mwezeshaji, na kikao cha 12

Tafuta mtu wa kukusikiliza wewe: muuguzi wa afya ya akili, ofisa ustawi wa jamii, mwezeshaji wa kikundi kingine. Kila baada ya wiki mbili, mpelekee yanayokukaa kifuani, bila majina. Kama wewe mwenyewe uliacha, uwe na kikundi chako ambacho hukiongozi.

Mwisho wa kikundi utangaze tangu kikao cha tisa, kwa sababu kuna watakaoanza kuchelewa, kugomba au kuteleza wakiona mlango unafungwa. Kikao cha 12 kila mmoja amwambie mwenzake aliyekaa kulia jambo moja aliloliona likibadilika kwake, kwa tukio. Sifa za jumla zisipokelewe. Halafu pangeni yanayofuata kabla hamjainuka: nani anaingia kikundi cha wazi, nani anaendelea Bombo, nani hana pa kwenda Jumanne ijayo. Huyo wa mwisho mwandikie siku na saa utakayompitia, umpe karatasi mkononi. Daftari la mahudhurio lichome mbele yao.